Dundu Alivyompa Chonga Kibarua

Hapo zamani za kale, kale yenyewe, si hii ya juzi mnayodanganywa na kaka zenu, alikuwepo Dundu, mdudu mdogo mweusi, kazi yake kuviringisha mavi ya ng'ombe. Msicheke! Mavi hayo ndiyo nyumba na chakula cha watoto wake.

Siku hiyo alikuwa na yai tumboni. Akafinyanga donge, akainamisha kichwa, akalisukuma kwa miguu ya nyuma: biri, biri, biri! Alikuwa anakimbizana na jua. Donge likikauka kabla ya kuzikwa, mtoto hana nyumba.

Puu! Chonga akadondoka kutoka mnazini. Chonga, yule mdudu mnene, mwenye pembe puani, anayetoboa vilele vya minazi anywe utomvu.

"We mla mavi! Donge hilo nimelipenda. Lete!"

"Nakula mavi, ndiyo, lakini nayatafuta mwenyewe. Wewe umeua minazi mingapi?"

"Unajua unaongea na nani?"

"Na pua ndefu."

"Nitakuponda!"

Kweli angempondaponda. Dundu akaitazama ile pembe, akacheka.

"Haya, chukua. Ila usilichome kwa pembe, kaka. Hiyo imezoea minazi laini. Donge langu huliwezi."

"Mimi? Nishindwe na mavi?"

Chwaa! Pembe ikazama yote. Chonga akavuta. Wapi! Akatikisa kichwa, donge likamziba macho.

"Nitoe, dada!"

"Leo mimi dada? Chimba shimo, bwana mkubwa. Chini kuna unyevu, litalainika."

Chonga akachimba, kwachu, kwachu, kwachu!

"Inatosha?"

"Bado! Au nguvu zimeisha?"

Akazidi kushuka, kichwa chini, donge puani. Dundu akamfuata, akalishindilia udongo pande zote likabana.

"Sasa vuta!"

Poo! Pembe ikachomoka. Chonga akapanda juu, uso mzima mavi. Donge likabaki chini penye unyevu.

"Donge langu liko wapi?"

"Lako? Hiyo nyumba ya mwanangu. Na shimo umechimba zuri, mimi ningemaliza kesho. Bado unalitaka? Karibu, lichome tena!"

Chonga akaishika pembe yake kwa miguu miwili, akaruka zake, vuuu!

Dundu akateremka, akakuta tundu lililoachwa na pembe, safi, refu. Akataga yai lake humo.

Mwenye nguvu akikuzibia njia, mpe kazi.