Bi Jodari na Mheshimiwa wa Juu

Paukwa!

"Pakawa!"

Wa mbele mmeitika, wa nyuma mmefumba midomo. Mna nini huko? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, si kale ya babu wa babu, kale ya juzijuzi tu, mvua ilinyesha bara. Ikanyesha, ikanyesha, mto ukafurika. Mto ukang'oa mlango. Mlango wa nini? Mlango wa choo! Choo cha shimo, uani kwa watu. Mlango ukaelea, ukaelea, mpaka baharini. Bahari ikausukuma mbali, kwenye maji ya buluu yasiyo na mwamba wala mwani.

Huko alikuwa akipita Bi Jodari. Mnene, mwenye mbio. Mkia wake ukipiga vuu! umeshamkosa. Nyuma yake jodari arobaini, ukoo wake mzima, na mdogo wake wa mwisho, Kibibi. Walikuwa wanakwenda kusini.

"Twendeni, kabla dagaa hawajahama," alisema.

Mara akaona kivuli. Chini ya kivuli samaki tele: fulusi, kolekole, nguru, hata papa mmoja, katulia kama mgeni msibani.

"Shoga, kuna nini hapa?" akamuuliza Fulusi.

"Sijui. Nimemkuta Kolekole."

"Kolekole, na wewe?"

"Nimemkuta Nguru."

"Nguru?"

"Mie nilikuwa napita tu, nikaona watu. Watu watakusanyika bure?"

Bi Jodari akaona ni kweli. Akasimama. Arobaini nao wakasimama.

Akatoka Kikande, samaki mdogo mwenye maneno makubwa. Yeye ndiye aliyefika mwanzo, basi akajipa kazi.

"Karibuni, karibuni. Punguzeni sauti. Mheshimiwa anafikiri."

"Mheshimiwa yupi?"

"Huyo juu. Hamwoni alivyotulia? Samaki gani anaweza kutulia hivyo?"

"Anafikiri nini?"

"Mambo yetu. Akimaliza atasema."

Siku ya kwanza palikuwa na dagaa pale kivulini, wakala. Siku ya pili wakala mabaki. Siku ya tatu wakala maneno ya Kikande.

Wakakonda. Bi Jodari tumbo likaingia ndani, mgongo ukachongoka kama wembe.

"Dada, nina njaa," alisema Kibibi. "Si ulisema kusini kuna dagaa?"

"Ngoja kidogo, mdogo wangu. Tukiondoka halafu akasema, je?"

Kila asubuhi Bi Jodari alitoka kivulini. Akiogelea kidogo, anatazama kulia, hakuna mtu. Kushoto, hakuna mtu. Moyo dhu! dhu! Anarudi. "Nitaondoka kesho," anasema. Na kesho yake, kesho.

Siku moja akaja Kasa. Akajikuna mgongo kwenye Mheshimiwa, kwaru! kwaru! Akanusa. Akacheka.

"Jamani, huu si mlango wa choo? Komeo lake hili hapa!"

Lo! Samaki wakawaka.

"Mtovu wa adabu!" akafoka Kikande. "Mfukuzeni!"

Bi Jodari naye akapiga kelele, "Mfukuzeni!" Alipiga kelele kuwashinda wote, maana moyoni alijua Kasa hajakosea.

"Haya, mie yangu macho," alisema Kasa, akaenda zake.

Haukupita muda, likaja jahazi la chuma, likubwa kama mtaa. Watu wakashuka kwa boti ndogo, wakafunga kidude kwenye mlango, wakaondoka. Kidude kikaanza: ti! ti! ti!

"Amesema!" Kikande akaruka. "Mheshimiwa amesema!"

Samaki wakalia kwa furaha. Hata papa alilia.

"Amesema nini?"

Kikande akakohoa. "Amesema... msogee karibu zaidi."

Wakasogea. Pezi kwa pezi, jicho kwa jicho, hapapenyi hata chuchunge mwembamba.

Kesho yake lile jahazi likarudi, likiifuata ile ti! ti! ya kidude, likazunguka. Nyavu zikashuka, shwaaa! Bi Jodari akaenda kulia: ukuta. Kushoto: ukuta.

"Kikande! Mheshimiwa anasemaje?"

Kikande alikwishapenya kwenye tundu la wavu. "Mimi mkalimani tu!" akajibu, yuko nje.

Bi Jodari akatazama chini. Chini palikuwa bado wazi, lakini kamba inavutwa, kriii, njia inazidi kuwa nyembamba.

"Chini! Wote chini!"

"Tungoje aseme," wakajibu wengine.

"Ni mlango wa choo!" akalia Bi Jodari. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo. "Chini!"

Akazama. Wavu ukamkwangua magamba, akatoka. Nyuma yake akasikia, "Dada! Nimebanwa! Sina pa kugeukia!" Kisha kamba ikakaza, na sauti ya Kibibi haikusikika tena.

Katika arobaini, walitoka saba.

Wakaenda kusini. Mmoja akauliza, "Bi Jodari, kwa nini ulituweka pale?"

"Niliwaona mmekaa."

"Sisi tulikuona wewe umekaa."



Siku ya tatu wakaona pipa la plastiki linaelea, lina kivuli kizuri. Mapezi yakamwasha Bi Jodari. Akakaza macho mbele, akapita. Alipogeuka kuwahesabu, wale saba wamekuwa wanne. Watatu walikuwa wameingia kivulini, kuuliza tu.

Fundisho lake, wakubwa kwa wadogo: ukikuta kundi limesimama, uliza sababu. Kama hakuna anayeijua, ondoka ungali na nguvu. Na anayekutafsiria maneno ya asiyesema, mchunguze yeye kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyokuwa tamu mtafune, iliyokuwa chungu mmeze na maji.