Mipira Mingi ya Fisi

Mwaka ule mvua iliwapita wanyama wa Bonde la Mikoche kama mgeni aliyesahau njia. Mto ulibaki mchanga mtupu, na maji yakasalia katika dimbwi moja tu chini ya majabali. Waliotangulia asubuhi walikunywa maji. Waliochelewa walikunywa tope. Kwa hiyo kila kulipokucha palikuwa na mateke, pembe na matusi, na mara nyingi dimbwi lilivurugwa kabla hata mmoja hajalowesha ulimi.

Simba, mfalme wa bonde, hakupendezwa na fujo hizo. Si kwamba alimhurumia mtu; yeye alikunywa wakati wowote aliotaka. Alichukia kelele tu, kwa sababu zilimzuia kusikia akisifiwa. Siku moja alitangaza kwamba wanyama waungwana hawapigani kwa ajili ya maji, bali hucheza gofu. Mchezo huo aliwahi kuuona kwa watu wenye hoteli ng'ambo ya vilima. Kila mchezaji hupiga mpira wake kwa fimbo, kuanzia mwamba wa juu hadi kwenye shimo lililochimbwa karibu na dimbwi, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mipira haikuwa taabu kupatikana, kwani kokwa ngumu za mikoche zilitapakaa kila mahali.

"Itakuwa mechi ya kirafiki," alisema Simba. "Mla nyama mmoja na mla majani mmoja. Upande utakaoshinda utatangulia majini mpaka mwezi uandame tena."

Mechi ya kwanza Fisi alicheza na Swala. Swala alikuwa na mkono mzuri lakini hakuwa na sauti. Kila mpira wa Fisi ulipokwama, Fisi alisema, "Ndugu yangu, hii ni mechi ya kirafiki," akausogeza. Kila mpira wa Swala ulipokwama, Fisi alisema, "Sheria ni sheria," akamwongezea pigo. Wakabishana mpaka jua likawa utosini, na Swala akaanza kulia. Simba, aliyekuwa amekwisha kuchoka, akampa ushindi yule aliyekuwa bado anapiga kelele. Wala majani wakanywa tope mwezi mzima. Mtoto mdogo wa Swala akaugua tumbo, na hakupona.

Mwezi ulipoandama, wala majani walimchagua Sungura. Nyani, ambaye hasira zake zilikuwa karibu sana na mdomo, akajitolea kumbebea fimbo.

"Akianza ujanja wake nitamrukia," alisema Nyani.

"Usimrukie," alijibu Sungura. "Wala usimtukane. Wewe tazama tu, ukumbuke."

Wakaanza, na kundi la wanyama likiwafuata nyuma. Mpira wa kwanza wa Fisi ulipaa vizuri, ukadunda kwenye jiwe, ukatumbukia katika tundu la mhanga, yule mchimba mashimo alaye mchwa. Fisi akaingiza mkono, akautoa, akaupangusa vumbi na kuuweka juu ya nyasi laini.

"Tundu la mhanga si sehemu ya kiwanja," alisema. "Mpira hutolewa bure."

"Mbona Swala ulimwongezea pigo kwa tundu hili hili?" Nyani alifoka.

"Swala alikuwa mbishi. Leo tunacheza kirafiki."

Nyani alikwisha kukunja ngumi. Sungura akamshika bega, kisha akamgeukia Fisi kwa upole. "Bwana Fisi, tusigombane juani. Mimi naona mpira unapaswa kupigwa kutoka tunduni, wewe unaona vingine. Basi cheza mipira miwili. Mmoja kwa sheria yako, mmoja kutoka tunduni. Tukifika shimoni, Simba ataamua upi uhesabiwe."

Macho ya Fisi yaling'aa. Tangu azaliwe hakuwahi kupewa viwili mahali pa kimoja bila kuiba.

"Umenena kama mtu mzima," alisema.

Hawakufika mbali, mpira wa Sungura nao ukabingirika ndani ya tundu la ngiri.

"Tundu ni tundu," Fisi alisema kabla hajaulizwa. "Piga hapo hapo ulipo."

Sungura hakubisha. Alijikunja kama kamba, akapiga, akakosa, akapiga tena, mpira ukatoka. Alipopanda juu, masikio yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Sikio lako limegusa nyasi nyuma ya mpira," alisema Fisi. "Ongeza pigo moja."

"Haya, naongeza," alisema Sungura.

Nyani alitafuna ncha ya fimbo ili asiseme neno.

Mbele kidogo mpira mmoja wa Fisi ulisimama nyuma ya kisiki. Fisi akaangalia juu kana kwamba anatafuta mawingu, na mguu wake wa nyuma ukausukuma mpira hadi peupe. Wanyama wote waliona.

"Upepo," alisema Fisi.

"Hakuna jani linalotikisika," alisema Nyani.

"Ni upepo wa chini kwa chini. Nyinyi mnaoishi mitini hamuujui."

"Tusigombane," Sungura akasema tena. "Ucheze huo uliopeperushwa, na mwingine uuweke pale nyuma ya kisiki. Simba ataamua."

Fisi akakubali haraka, asije Sungura akaghairi. Baadaye alizungusha fimbo kwa nguvu zote, akapiga hewa mpaka akazunguka na kukaa chini. Akasema alikuwa akifanya mazoezi. Mpira mmoja ukaanguka kwenye kichaka cha miiba, akasema kichaka hicho jana hakikuwepo. Kila mara Sungura alisema, "Cheza yote," na kila mara Fisi aliongeza kokwa nyingine.

Jua lilipopanda, Sungura alikuwa akitembea taratibu nyuma ya mpira wake mmoja. Fisi alikuwa akikimbia toka kaskazini hadi kusini, ulimi umening'inia, akiupiga huu, akiurudia ule, akisahau upi ulitoka tunduni na upi ulipeperushwa. Hata hivyo hakukubali kuuacha hata mmoja. Wala nyama wenzake waliokuja kumshangilia walichoka kumfuata, wakakaa chini.

Sungura alitia mpira wake shimoni akangoja. Alingoja sana. Hatimaye Fisi akamaliza mpira wa mwisho, akajitupa chini akihema, akasema, "Nimeshinda."

Simba alikuwa amelala juu ya jabali, manyoya ya shingo yake yamechanwa vizuri. Akafungua jicho. "Mmefanya haraka," alisema, maana alikuwa amesinzia. "Hamkugombana?"

"Hatukugombana, Mheshimiwa," alisema Sungura. "Yaliyotushinda tumekuletea wewe. Naomba kila mmoja aeleze alichofanya, mwenzake akisikia."

Akaeleza yake yote: tundu la ngiri, pigo alilokosa, hata sikio. Kisha Fisi akasimama.

"Mimi nina mipira kadhaa, Mheshimiwa. Naomba uhesabiwe ulio bora."

"Kwa sheria ipi?"

"Tundu la mhanga si sehemu ya kiwanja."

"Na la ngiri?" aliuliza Nyani.

"Hilo ni tofauti," alisema Fisi. "Ngiri ni mchafu."

Ngiri, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alinyanyuka. Simba alicheka mpaka meno yakaonekana yote. Alimpenda Fisi, kwa kuwa Fisi ndiye aliyekuwa akimsifu asubuhi, mchana na jioni.

"Jamani, ni mechi ya kirafiki," alisema Simba. "Tusichunguzane kama mahakamani. Naona Fisi…"

Wala majani wakainamisha vichwa. Swala aligeuka aondoke, asiusikie uamuzi ule mara ya pili.

"Mheshimiwa, mimi niko tayari kushindwa," Sungura alisema kwa sauti ndogo. "Naomba nifundishwe tu, nisirudie makosa. Bwana Fisi hachezi kwa kubahatisha. Mbinu hizi za kutoa mpira tunduni na kuusogeza kwa mguu, lazima alijifunza kwa bingwa fulani. Angetuambia ni nani, sisi wadogo nasi tungemfuata."

Fisi alivimba kwa fahari. Aliuona ushindi mbele yake, akataka kuufunga kwa sifa moja zaidi.

"Bingwa yupo hapa," alisema. "Mimi nimejifunza kwa Mheshimiwa mwenyewe. Kabla ya mechi hizi hamkumwona akifanya mazoezi? Mpira wake uliingia tundu la mhanga, akautoa kwa mkono. Uliposimama nyuma ya kisiki, aliusukuma kwa mguu, tena kwa madaha kuliko mimi. Alipopiga hewa hakuhesabu. Kichaka cha miiba alikiambia kiondoke, na sisi tukakiondoa. Nani alithubutu kusema neno?"

Hapakuwa na mnyama bondeni asiyeyajua hayo, ila hapakuwa na aliyewahi kuyasikia yakisemwa. Twiga alitazama mawingu yasiyokuwepo. Nyani aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Simba aliinuka polepole. Aliangalia nyuso zile zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajua wanamwonaje. Akimpa Fisi ushindi, amekiri. Na Simba alikuwa tayari kwa mambo mengi, lakini si hilo.

"Mimi?" alisema. "Mimi sijawahi kuugusa mpira kwa mkono wala kwa mguu. Anayefanya hivyo si mchezaji, ni mwizi. Sungura ameshinda. Wala majani watatangulia majini, na Fisi atakunywa baada ya wote, baada ya nguchiro, baada ya vyura."

"Lakini nilikuwa nakusifu, Mheshimiwa," alisema Fisi.

"Najua," alisema Simba. "Ndiyo maana bado una mkia."

Asubuhi iliyofuata Swala aliwapeleka watoto wake waliobaki dimbwini, wakanywa maji yanayoonyesha mawe ya chini. Nyani alimkuta Sungura kivulini akisafisha masikio.

"Nilitaka sana kumpiga," alisema Nyani.

"Ungempiga, tungekuwa bado tunagombana mpaka sasa, na Fisi kwa ugomvi hashindiki," alisema Sungura. "Nilitaka asimame mbele za watu aeleze alichofanya. Sikuhitaji zaidi."

Mwezi ulipoandama, wala nyama hawakutaka tena kuwakilishwa na Fisi. Wakamwomba Simba acheze yeye, na kiburi hakikumruhusu kukataa. Pigo lake la pili liliupeleka mpira katikati ya kichaka cha miiba. Wanyama wote wakasogea karibu, wakitazama miguu yake kwa heshima kubwa.

Simba aliangalia kushoto. Akaangalia kulia. Kisha akainama, akaingia kichakani na fimbo yake. Alipotoka, mpira ulikuwa bado ndani na miiba imemjaa shingoni, ikabidi arudi tena, na tena.

Hakuna aliyecheka. Walisubiri kwanza afike mbali.