Perege wa Jirani

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja mwenye majaruba ya mpunga kandokando ya mfereji. Chini yake kidogo, jirani akachimba bwawa, akafuga perege. Weee! Perege wakanenepa. Watu wakawa wanapita shambani kwa bwana huyu bila hata salamu, wanakimbilia kuona bwawa. Mkewe naye akaanza: "Mwenzio anatumia akili." Hapo ndipo bwana alipochomwa moyo. Roho ikamuuma, akawa hata harufu ya samaki wa kukaanga inamnunisha.

Asubuhi moja akapuliza dawa ya magugu kwenye mpunga. Alipomaliza, akasimama na bomba mgongoni, akautazama mfereji. Kijiji kizima kinajua bomba la dawa halioshwi mferejini. Yeye akaliosha. Dawa iliyobaki akaimwaga humo humo, maji yakateremka nayo bwawani.

Jioni jirani huyo hapo, anahema, suruali imelowa.

"Kaka, samaki wangu wanatweta juu ya maji! Nadhani bwawa limekosa hewa. Najua leo zamu ya maji ni yako, lakini nakuomba, nifungulie ya majarubani kwako."

Jamani, mnasikia anachoomba? Maji yaliyotuama kwenye dawa ya asubuhi! Na bwana wetu, kwa upole kabisa, akamjibu, "Chukua tu, ndugu yangu. Majirani tuko kwa ajili gani?" Akaenda, akafungua kwa mkono wake mwenyewe. Moyoni anacheka.

Kesho yake mchana anarudi nyumbani, anakutana na harufu ya samaki. Mkewe kachangamka. "Jirani yako ana utu, jamani! Samaki wake wamekufa, wachache waliokuwa bado hai kawaopoa, na wakubwa katuletea sisi. Anasema hakuna aliyemsaidia kama wewe." Watoto walishanawa, wanamsubiri baba.

Haya, niambieni. Angesema nini? Akisema "msile", mkewe si atauliza umejuaje? Akatazama sinia, akatazama watoto. Kisha akanawa, akafumba macho, akabariki chakula. Akala. Na watoto wakala.

Mnaguna? Guneni tu. Lakini sisi tuliokaa humu, ni wangapi wiki hii tumemwambia mtu "hongera" huku tumboni kunawaka moto? Ni wangapi tumempa mtu pole, na kilichomuumiza tumekitia sisi? Mtu yule alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: "Msile, ni mimi." Aibu ikamshinda, akaona heri awalishe wanawe sumu.

Sasa tukitoka hapa tunakwenda kula. Wewe unayejijua, usibariki sinia kwanza. Pitia kwa jirani, ukamwambie.