Pimbi Atafuta Kuni Kavu kwa Nyati

Naanza, naanza!
— Anza, tunakusikia!
Ya kweli au ya uongo?
— Changanya, tutachambua wenyewe!

Basi hapo kale alikuwako Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, anayefanana na sungura aliyenyimwa masikio. Aliishi pangoni na mkewe na watoto wao wachanga. Masika yakakaza. Baridi ikaingia pangoni, watoto wakatetemeka, tete-tete, tete-tete.

Siku moja radi ikapiga mti bondeni, pwaa! Pimbi akaokota kaa la moto, akalitia kwenye kigae, akakimbia nalo nyumbani.

"Mama watoto, leo tunaota moto!"

Lakini katika ukoo wa Pimbi hakuna aliyewahi kuwasha moto. Akaenda akakata matawi mazuri, ya kijani, yanayong'aa, akayaweka juu ya kaa. Chwiiii! Povu likatoka. Fuuu! Moshi ukajaa pango. Watoto wakakohoa. Mkewe akatokwa na machozi.

"Baba watoto, umeleta kuni au umeleta mboga?"

"Hata mimi sielewi. Mti si mti?"

"Kaa linazidi kuwa dogo. Nenda kaulize, watoto watakufa kwa baridi!"

Pimbi akaenda kwa Bibi Kobe.

"Shikamoo, bibi. Kuni nzuri ni zipi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni kuni kavu. Kuni kavu ni nyepesi. Ila za mti mgumu, hata zikikauka, ni nzito."

"Kwa hiyo nyepesi, au nzito?"

"Ndiyo," akasema Bibi Kobe.

Pimbi akakuna kichwa. Akaenda kwa Kindi.

"Rahisi tu, ndugu yangu," akasema Kindi. "Gonganisha vipande viwili. Kavu hulia ko! Mbichi hulia bu!"

Pimbi akaondoka akiimba asisahau: "Ko kavu, bu mbichi. Ko kavu, bu mbichi." Akajikwaa kwenye jiwe, puu! Alipoinuka akaimba: "Ko mbichi, bu kavu." Akasimama. "Au bu ndiyo ko?" Yote yakamvurugika.

Tena, msitu mzima ulikuwa umelowa. Kuni kavu zilikuwa mahali pamoja tu: chini ya mwamba wa Nyati. Nyati alizikusanya zote tangu kiangazi, zake na za wenzake, na juu yake akarundika magogo mabichi ya juzijuzi. Moto hakuuhitaji, manyoya yalimtosha. Alipenda tu kulala karibu na lundo na kusema, "Zangu."

Pimbi akajaza kikapu viazi vitamu, akawaomba Kindi na Bibi Kobe wamsindikize. Wakafika.

"Shikamoo, mjomba. Nimeleta viazi, naomba kuni. Ila mimi ni mgeni wa moto, sijui kuchagua."

Nyati hakungoja. Akaingiza mdomo kikapuni, ngwa, ngwa, ngwa, viazi vikaisha. Ndipo akakumbuka kwamba sasa atatakiwa kutoa.

"Nitakufundisha," akasema, akiangalia pembeni. Akasukuma gogo kwa pembe. Bu! "Sikia hiyo sauti! Zito, limeshiba, ganda limeshika. Hizi ndizo kuni. Chukua!"

"Na zile, mjomba?"

Nyati akagusa zile za chini. Ko! "Hizi? Nyepesi, ncha zimepasuka, maganda yanabanduka. Takataka! Usiziguse."

Pimbi akatazama huku, akatazama kule. Ko, bu, nyepesi, nzito. Kichwa kikamzunguka. Mwishowe akajisemea moyoni: "Kuni sizijui. Lakini Nyati namjua."

Akapiga magoti. "Mjomba, nitawezaje kuchukua kuni nzuri za mkubwa wangu, nami ndiyo kwanza najifunza? Nitaziharibu bure. Nipe hizo takataka."

"Hapana! Chukua nzuri!"

"Adabu hainiruhusu, mjomba."

"Nimesema chukua nzuri!"

Bibi Kobe akatoa kichwa nje ya gamba. "Nyati, viazi umekula. Mtoto anaomba takataka. Unamnyima takataka? Au ulimdanganya?"

Nyati akapiga kwato, du! Akisema ni nzuri, ni mwongo mbele za watu. Akisema ni mbovu, zinaondoka.

"Ni... ni takataka," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tumsafishie mjomba!" akapiga kelele Kindi. Wanyama wakaja mbio, maana wote walikuwa na baridi. Wakabeba, wakabeba, mpaka zikabaki mbichi tupu.

Pangoni, Pimbi akaweka vijiti vya ko juu ya kaa lililobaki kama punje ya mtama. Akapuliza. Tatata, waaa! Moto ukawaka. Watoto wakaacha kutetemeka, wakalala.

"Baba watoto, umejuaje kuni kavu?" mkewe akauliza.

"Mpaka sasa sijui," akasema Pimbi.

Nyati naye alikaa peke yake na magogo yake, akiyagonga moja moja, bu, bu, bu, akijaribu kuyapenda.

Basi, watoto, funzo ni hili: msisumbue wanaojua, watawachanganya. Ukitaka ukweli, nenda moja kwa moja kwa mwongo, ila ubebe viazi vya kutosha.

Hapa natua mzigo. Ukiwa mtamu, gawaneni. Ukiwa mchungu, mlioitikia ni ninyi!