Nyani Aonja Mbono

"Paukwa."

"Pakawa!"

"Palikuwa na mti."

"Wa nani?"

"Hilo ndilo lililogombewa. Tulieni."

Kuna jambo ambalo msimuliaji wenu ameuliza tangu utotoni asipate jibu. Nondo, yule kipepeo wa usiku, mwenyewe hali majani. Basi anajuaje jani lipi watoto wake watalila?

Nondo huyu aliruka kutoka pwani kwenda bara, puru-puru, puru-puru. Akatua kwenye mkorosho, akaugusa kwa miguu: si huu. Akatua kwenye mgomba, akaugusa kwa miguu: si huu. Akapanda mlimani kwenye baridi, akagusa mbuni wa kahawa: si huu. Akateremka bondeni, akagusa mbono, uitwao pia mnyonyo. Ni huu. Akataga mayai yote chini ya majani. Bawa lake lilikwisha chanika; kwingine asingefika.

Kumbe bonde lilikuwa na mwenyewe. Nyani, kifua kama pipa, akili kama kizibo chake. Desturi yake: mgeni asile kitu kabla yeye hajaonja. Na kuonja kwake ni kumaliza.

"Shikamoo, babu," akasema Nondo.

"Marahaba. We mdudu, watoto wako watakula nini kwangu?"

"Majani ya mbono, babu."

"Sijayaonja." Akanyoosha mkono kwenye tawi lenye mayai.

Nondo akasema kwa upole: "Onja, babu. Nilidhani tu wakubwa huanza na mbegu, majani wakawaachia wadogo. Labda wakubwa wa huku ni wa namna nyingine."

Mkono ukabaki hewani. "Nani kakwambia mimi mla majani?"

Akachuma mbegu, konzi nzima. Kacha-kacha, kacha-kacha.

"Zikoje, babu?"

"Za kikubwa," akajibu, uso umejikunja.

Tumbo likasema ngru. Akakaa. Likasema ngruuu. Akalala. Akatapika kutwa kichakani, wanyama wote wakimsikia.

Alipopona hakukiri kushindwa na mbegu. Aliita baraza. "Mti huu nimeuonja, hauna hadhi. Nondo nampa adhabu: watoto wake wataula huu huu, wao na wajukuu."

"Adhabu kali, babu," akasema Nondo, kichwa ameinamisha. "Na mbuzi wakituonea huruma, wakatusaidia kula?"

"Asiuguse yeyote."

Ikaamuliwa hivyo. Na wa kuitekeleza amri akawa Nyani mwenyewe: kutwa juani, fimbo mkononi, akifukuza mbuzi, na nyuma yake viwavi wakitafuna bila haraka.

Kwa hiyo waheshimuni wakubwa, wanangu. Wao ndio waonjao kwanza.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Nyani.