Chumba cha Shemeji

Makokha alikuwa bado anachora ramani ya nyumba yake wakati Lusweti, tajiri aliyemwoa dada yake, alipomjia juu.

"Bati na saruji nanunua mimi. Lakini chumba kikubwa kuliko vyote ni changu, nije kulala nikitaka."

"Sawa, shemeji. Ila kikiwa kikubwa hivyo, kitafika mpaka kwenye kibanda cha mama."

"Kibomoe!"

Makokha akabomoa bila kinyongo. Nyumba ilipokwisha, Lusweti akaja na godoro jipya juu ya gari. Akabisha hodi. Aliyefungua alikuwa mama mkwe, kajifunga kanga ya kulalia.

Lusweti akaruka nyuma. "Mtu na mama mkwe wake walale chini ya paa moja? Mwiko!"

"Sasa alale wapi, na kibanda umeamuru kibomolewe?" Makokha akauliza. "Godoro liache, shemeji. Mama mgongo unamsumbua."