Zimwi Liitwalo Huko

Hadithi yaja!
Na ije, tumeshakaa!

Palikuwa na mpika mihogo, Bi Siwema, hodari wa jiko, lakini taka hakuzijali. Maganda ya mihogo yakijaa, humwambia mumewe, "Tupa huko." Mfuko wa plastiki ukishabeba unga mara moja, "Tupa huko." Ndala ikikatika, "Tupa huko."

Kumbe nyuma ya nyumba, ndani ya shimo, lilikaa zimwi, na jina lake Huko. Kila lilipotajwa lilidaka, likameza, likanenepa.

Siku moja likabisha. "Hodi, mama! Mimi ndiye Huko. Umenilisha vizuri, shimo limenibana. Nimekuja kukaa ndani."

"Toka! Nenda huko!" akapiga kelele Bi Siwema. Zimwi kusikia jina lake, likavimba hadi paa likainuka.

Hapo akafunga mdomo. Akaelewa kuwa yeye ndiye mwitaji, yeye ndiye mlishaji. Maganda akampa mbuzi, zimwi likanywea. Mfuko akauosha, akaenda nao tena sokoni, likanywea. Ndala akaishona kwa waya. Likawa dogo kama chura, likaruka dirishani, likaenda zake.

Tangu siku hiyo, kijijini pale ukisema "tupa huko" utaulizwa, "Huko kwa nani?"

Hadithi imefika mlangoni, nami naiachia hapa. Ila wewe uliyekaa nyuma, hilo ganda la ndizi mkononi, ulitaka kulitupa wapi?